Nani Anatangaza Siku?



Mwaka huu wa 2026 Jumatano ya Majivu ni tarehe 18 Februari. Ramadhani nayo inatarajiwa kuanza siku hiyo hiyo au kesho yake. Tumesema "inatarajiwa" na tumesema "au", na maneno hayo mawili ndiyo yaliyotufanya tukae chini kuandika. Kwenye wodi tunazofanyia kazi ratiba za zamu huandikwa wiki nyingi kabla, na neno "au" halina kisanduku chake kwenye ratiba.

Wengi wetu katika kanisa hili ni watu wa zamu. Tuko wauguzi, tuko wanaotunza wazee majumbani, madereva wa basi, watu wa maghala na wa usafi wa ofisi usiku. Mnajua wenyewe namna tunavyoulizana baada ya ibada: "Wiki hii uko mchana au usiku?" Kwa hiyo tunaomba mtuvumilie tukianza na jambo lililotokea kazini, tena jambo ambalo halitupi sifa.

Ilikuwa wikiendi ya mwisho ya Machi mwaka jana. Jumamosi tarehe 29, kama saa tano asubuhi, baadhi yetu tulikuwa tukishusha viti kwa ajili ya ibada ya akina mama, watoto wakatuita nje. Mwezi ulikuwa unapita mbele ya jua na kulimega upande. Mtoto mmoja alitoboa karatasi, mwanga ukapita kwenye tundu na kuanguka sakafuni, na kile kiduara cha mwanga kilikuwa kimeliwa pembeni kama biskuti. Usiku ule saa za Uingereza zikasogezwa mbele: ilipofika saa saba usiku ikawa saa nane. Waliokuwa zamu ya usiku wakafanya kazi saa kumi na moja badala ya kumi na mbili, na nusu ya kwaya ikachelewa ibadani, kama kawaida yetu kila mwaka. Jumapili hiyo ilikuwa Siku ya Mama ya hapa Uingereza. Na Jumapili hiyo hiyo sehemu ya majirani zetu Waislamu wa Birmingham walisali Idi, huku sehemu nyingine wakiwa bado wamefunga, wakaja kusali Jumatatu tarehe 31.

Kwenye wodi yetu kuna dada mmoja Mwislamu, mwenzetu wa miaka mingi. Wakati ratiba inaandikwa aliomba mapumziko "Jumapili au Jumatatu". Akaambiwa achague moja. Akachagua Jumatatu. Jumamosi usiku msikiti wa familia yake ukatangaza kwamba Idi ni kesho. Akatuma ujumbe kwenye simu zetu sote: kuna anayeweza kubadilishana naye? Wawili kati yetu wa kanisa hili tuliusoma ujumbe ule. Tulikuwa na mapumziko, na tulikuwa na Siku ya Mama, na watoto wetu walikuwa na igizo. Hatukujibu mpaka ikawa tumechelewa kujibu. Mmoja wetu alisema maneno ambayo wote tulicheka: "Kwa nini hawaamui tu? Sisi Pasaka yetu inajulikana mpaka ya mwaka 2050."

Jumapili yule dada alikuja kazini. Alileta boksi la tende, akaliweka kwenye chumba cha chai, akalifungua kwa ajili ya kila mtu.

Tumelibeba swali lile mwaka mzima. Kwa nini hawaamui tu? Na tulipolichunguza, tuligundua kwamba hata sisi hatujui jinsi siku zetu zilivyoamuliwa.

Tuanze na hesabu, maana si ngumu. Kutoka mwandamo mmoja hadi mwingine ni wastani wa siku 29, saa 12 na dakika 44. Hakuna mwezi wenye nusu siku, kwa hiyo mwezi wa kuandama huwa na siku 29 au 30. Miezi kumi na miwili ya namna hiyo inafanya siku 354, wakati jua linahitaji siku 365 na robo hivi. Pengo ni siku kama 11 kila mwaka. Kila watu duniani waliotaka kuhesabu wakati ilibidi waamue watalifanyia nini pengo hilo. Warumi waliishia kuuacha mwezi wa angani na kubaki na jina lake tu. Januari na Februari hazijali mwezi ukoje. Wayahudi huongeza mwezi mzima mara saba katika kila miaka 19, ili Pasaka yao isitoke kwenye majira ya kuchipua. Waislamu wanaufuata mwezi ulivyo bila kuongeza kitu, ndiyo maana Ramadhani inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka na kuzunguka majira yote kwa miaka kama 33. Mnakumbuka mwaka 2016 ilipoangukia Juni? Hapa Birmingham jua la Juni linazama karibu saa tatu na nusu usiku. Wenzetu walifunga saa zaidi ya kumi na nane, wakisukuma vitanda vya wagonjwa bila tone la maji.

Sisi Wakristo je? Sisi tumechanganya. Krismasi tumeipa jua. Pasaka tumeuachia mwezi: ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu unaotokea tarehe 21 Machi au baada yake. Ndiyo maana inatangatanga kati ya 22 Machi na 25 Aprili. Kwaresima inaifuata, Pentekoste inaifuata, na hata Siku ya Mama ya Waingereza inaifuata, kwa kuwa ni Jumapili ya nne ya Kwaresima. Kwa maneno mengine, Jumapili ile tuliyokataa kumpa mwenzetu zamu kwa ajili ya mwezi wake, tulikuwa tunasherehekea siku iliyowekwa na mwezi.

Tofauti ni kwamba mwezi wetu uko kwenye jedwali. Mwaka 2019 jambo hili lilionekana wazi. Jua lilivuka mstari wa Machi usiku wa tarehe 20, na mwezi mpevu ukafuata baada ya saa chache, alfajiri ya tarehe 21. Kwa mtu anayetazama juu, Pasaka ingekuwa 24 Machi. Lakini kwenye jedwali la kanisa mwezi mpevu uliandikwa tarehe 20, siku moja kabla ya mpaka, kwa hiyo tukangoja mwezi mwingine mzima, na Pasaka ikawa 21 Aprili. Hakuna aliyelalamika. Wengi wetu hatukujua.

Na hilo jedwali halikushuka kutoka mbinguni. Karne ya pili, Wakristo wa Asia walikuwa wakiadhimisha Pasaka siku ya kumi na nne ya mwezi, iwe Jumatatu au Ijumaa, na wale wa Roma Jumapili tu. Viktori, askofu wa Roma, alitaka kuwatenga wale wa Asia kwa sababu hiyo. Ireneo, askofu wa Lyon, ambaye mwenyewe alishika Jumapili, alimsihi asifanye hivyo. Mtaguso wa Nikea mwaka 325 ukakubaliana siku iwe moja kwa wote. Miaka 1700 imepita tangu mtaguso ule, tuliikumbuka mwaka jana, na kwa bahati njema mwaka jana Pasaka ya Magharibi na ya Mashariki ziliangukia siku moja, 20 Aprili. Mwaka huu zimeachana tena: yetu ni 5 Aprili, ya ndugu zetu Waethiopia na Waeritrea ni 12 Aprili. Bunge la nchi hii nalo lilipitisha sheria mwaka 1928 ya kuifunga Pasaka iwe Jumapili baada ya Jumamosi ya pili ya Aprili. Sheria ipo mpaka leo. Haijawahi kuanza kutumika, kwa sababu ilitaka kwanza makanisa yasikilizwe, na makanisa, mnatujua.

Kwa hiyo, "kwa nini hawaamui tu?" Nasi hatujaamua. Tumezoea tu.

Kijana mmoja wa shule ya Jumapili alituuliza tulipoyaeleza haya darasani: kama ni watu waliokaa na kalamu wakapanga, basi Pasaka si ya kweli? Swali zuri, na hatukutaka kumpa jibu la haraka. Tulimkumbusha kuhusu siku za kuzaliwa. Katika kanisa hili wapo wazee wengi, hasa waliopitia kambi za wakimbizi, ambao vyeti vyao vyote vinasema walizaliwa Januari mosi. Karani aliuliza tarehe, mtu akasema nilizaliwa wakati wa mavuno, mwezi ukiwa mpevu, karani hakuwa na kisanduku cha jambo hilo, akaandika 1 Januari. Hospitalini, kabla ya kumpa mgonjwa dawa yoyote, ni lazima tumwulize jina na tarehe ya kuzaliwa. Tumeshaona zaidi ya mara moja mama mzee akisita kabla ya kusema "mosi, mwezi wa kwanza". Anasita kwa sababu anajua si kweli, na anajua pia asipoisema hapati dawa. Tarehe ile ni ya makubaliano, lakini umri wake ni wa kweli, na aliyemzaa ni wa kweli. Tulimwambia kijana kwamba pengine Pasaka iko hivyo: tarehe tumepangiana, aliyefufuka hatukumpanga. Akasema ataendelea kufikiri. Nasi pia.

Nyumbani mwezi haukuwa jambo la dini moja. Waliokulia Kigoma, Uvira au Mwanza wanajua: usiku wa mbalamwezi wavuvi wa dagaa hawaendi. Dagaa hufuata taa ya karabai kwenye giza, na mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi. Siku hizo ni za kushona nyavu, na ukitaka kumtembelea mvuvi ndizo za kumkuta. Waliokulia pwani wanajua bamvua na maji mafu, na wanajua kuwa bahari inaweka ratiba yake kwa mwezi bila kumwuliza mtu. Waswahili wa pwani hata majina ya miezi waliyahesabu kutoka kwenye mfungo: Mfunguo mosi, Mfunguo pili, mpaka Mfunguo tisa, kisha Rajabu, Shaabani, Ramadhani. Na kalenda ya ukutani tuliyokuwa tukipewa dukani Tanzania, kwenye Idi iliandikwa kwamba itategemea kuandama kwa mwezi. Nchi nzima, Wakristo na Waislamu, ofisi na shule, ilikaa na jambo lisilojulikana mpaka usiku. Kuna waliofuata tangazo la Mufti na kuna waliofuata mwandamo wa nchi nyingine, wakasali siku mbili tofauti, na majirani Wakristo walikula pilau mara mbili. Hatukumbuki mtu akiuliza kwa nini hawaamui. Inawezekana tulikuwa wavumilivu zaidi, au labda hatukuwa na ratiba.

Maana lazima tuwe wakweli: wodi si kijiji. Mgonjwa wa saa kumi na mbili asubuhi anahitaji insulini iwe Idi au isiwe. Mtu akisema "au" na nafasi yake isijazwe, mwenzake mmoja anabaki na wagonjwa wa watu wawili. Aliyeandika ratiba hakuwa na chuki. Alikuwa na kisanduku kimoja na watu wachache.

Lakini hapo hapo hospitalini tunakaa na "au" kila siku ya Mungu. Mama mjamzito anaulizwa, "Mwezi wako wa mwisho ulikuwa lini?" (Kiswahili kinasema mwanamke yuko mwezini, lugha yetu haijasahau kule tulikojifunzia kuhesabu.) Tunahesabu siku 280, tunampa tarehe, na wote katika chumba tunajua kwamba watoto wachache sana huzaliwa siku ile ile. Je, tunamwambia achague siku moja? Hapana. Tunaweka wakunga usiku na mchana, kwa sababu tumekubali kwamba kuna mambo yanayokuja yakitaka. Wodi ya wazazi imejengwa juu ya neno "au", na hakuna anayecheka. Kwa hiyo si kweli kwamba hospitali haiwezi kusubiri jambo lisilo na tarehe. Inaweza, kwa yale iliyoamua kuyaheshimu.

Mji huu wenyewe ulishawahi kuwa na watu wakubwa walioishi kwa mwezi. Ukipanda basi kwenda Handsworth, shuka uitafute Soho House, nyumba ya Matthew Boulton, ambayo sasa ni makumbusho. Katika nusu ya pili ya karne ya 18 Boulton na rafiki zake walikuwa na chama wakakiita Chama cha Mwezi. Alikuwemo James Watt wa injini za mvuke, Erasmus Darwin babu yake Charles, Josiah Wedgwood wa vyombo vya udongo, na Joseph Priestley, mmoja wa waliogundua ile oksijeni tunayoifungua ukutani kila zamu. Alikuwemo pia daktari William Withering wa hospitali ya Birmingham, ambaye mwaka 1785 aliandika kitabu juu ya mmea wa digitali. Alikuwa amepata habari zake katika dawa ya kienyeji iliyokuwa siri ya bibi mmoja wa Shropshire. Digoksini tunayowapa wagonjwa wa moyo leo, ile tunayohesabu kwanza mapigo kabla ya kuitoa, imetoka kwenye ukoo huo. Tunapenda sana kwamba mwanzo wake ni bibi wa kijijini.

Walikutana karibu na mwezi mpevu kwa sababu ya kawaida kabisa: barabara hazikuwa na taa, na walitaka mwanga wa kurudia nyumbani kwa farasi. Mwanzoni walikutana Jumapili. Priestley alipohamia Birmingham mwaka 1780 alikuwa mchungaji wa kanisa, na Jumapili alikuwa na kazi. Wakahamishia mkutano Jumatatu. Kina Boulton walikuwa na viwanda, na kina Darwin walikuwa na wagonjwa wa kutembelea, lakini siku ilihamishwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyekuwa na ibada. Hatusemi walikuwa malaika. Kiwanda hicho hicho cha Boulton na Watt kiliuza injini kwa mashamba ya miwa ya watumwa kule Karibiani. Wala mji haukuwa na moyo wa chama: Julai 1791 watu wa Birmingham walichoma nyumba ya Priestley na kanisa lake kwa sababu ya imani yake na siasa zake. Lakini ile Jumatatu imetukaa.

Wapo kati yetu wanaosema: kumwachia Mwislamu nafasi ya Idi ni kushiriki ibada isiyo yetu. Tumewasikia, na hatutaki kuwadharau, kwa kuwa wanasema kwa dhamiri. Tunawajibu hivi. Nani aliyesimama kwenye wodi yetu Krismasi iliyopita? Na ya mwaka juzi? Tukiangalia ratiba za Desemba kwa miaka yote tuliyofanya kazi hapa, majina ya 25 Desemba mengi si ya Kikristo. Yule dada amefanya Krismasi kwa ajili yetu mara nyingi kuliko tunavyoweza kukumbuka, na hakuna aliyedhani kwamba ameiabudu Bethlehemu. Alitushikia zamu, basi. Katika sensa ya 2021 Wakristo wa Birmingham walikuwa asilimia 34 na Waislamu karibu asilimia 30. Siku zetu ziko kwenye kalenda ya serikali, zao haziko. Sisi hatuhitaji kuomba Krismasi kwa ujumbe wa simu usiku.

Paulo aliwaandikia Warumi, sura ya 14, kuhusu waumini waliogombana juu ya siku. Tukiisoma tena, tunaona hakuwaambia nani aliyepatia hesabu. Alikuwa na wasiwasi na jinsi wanavyotazamana. Sura ile inahusu ndugu wa imani moja, tunajua, na si haki kuinyoosha mpaka ifike kila mahali. Lakini kama tabia hiyo tumefundishwa kwa ndugu, sijui ni sababu gani tungeiacha mlangoni tukiingia kazini.

Kuna jambo moja bado linatutatiza, na hatujalimaliza hata tulipozungumza na wazee wa kanisa. Jumamosi ile ya mwaka jana mwezi ulikuwa mbele ya jua saa tano asubuhi, tuliuona. Jicho tupu kwa kawaida haliwezi kuuona mwezi mpya mpaka zipite saa nyingi zaidi ya zile zilizobaki kufika jioni. Hata hivyo Saudi Arabia ilitangaza umeonekana, na misikiti mingi hapa ikafuata. Waislamu wenyewe wanajadiliana juu ya hilo kwa ukali kuliko sisi, na si kazi yetu kuingia. Swali letu ni hili: tunaposema tutampa mwenzetu nafasi kwa siku yake, ni siku ya nani? Ya msikiti wake, ya mume wake, au ya hesabu? Mwishoni tuliona kwamba hatuhitaji kujua. Wakati wa Viktori na Ireneo, Ireneo alikuwa na maoni yake juu ya siku sahihi, na hayakumzuia kumtetea aliyeshika nyingine.

Kwa hiyo mwaka huu, Idi inatarajiwa kuwa Ijumaa 20 Machi au Jumamosi 21. Watatu kati yetu tumeacha siku hizo mbili wazi, hatukuomba mapumziko wala zamu za ziada, na meneja wa wodi amekubali jina la mmoja wetu lisogezwe usiku ule ule ikibidi. Wenye nafasi kama hiyo kwenye kazi zao, hasa wa nyumba za wazee ambako watu ni wachache zaidi, tuzungumze baada ya ibada. Tunahitaji pia wawili wa kumshikia zamu ndugu Mweritrea wa wodi ya jirani tarehe 12 Aprili. Yeye angalau siku yake inajulikana.

Tulimweleza yule dada mpango huu juzi, kwenye chumba cha chai. Tulijaribu pia kumwomba radhi kwa mwaka jana, hatukuimaliza sentensi. Alitazama ratiba ukutani kwa muda, akauliza kama tunajua maana yake ni kwamba anaweza kutupigia simu saa nne usiku. Tukasema tunajua. Akasema, "Basi msizime simu."